Kobe wa Miguu Mitano

"Kwa mamlaka aliyojipatia mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Daktari Kwilasa Mbonde, Waziri wa Mapumziko, Utulivu na Mambo Yasiyo na Haraka, anawatangazia wananchi wote kwamba kuanzia Jumatatu hii kila familia nchini itapumzika. Kila familia itachagua, kwa hiari yake kamili, kambi moja kati ya Kambi Nne za Taifa. Itapiga hema. Itafurahi kwa muda usiopungua siku tatu mfululizo. Familia itakayoshindwa kufurahi kwa hiari itasaidiwa."

Hivyo ndivyo gari la matangazo lilivyosema kabla halijakwama kwenye tope mbele ya nyumba yetu. Wanaume kumi na wawili walivua viatu, wakapandisha suruali, wakalisukuma kwa saa nzima huku spika ikiwahimiza wapumzike. Dereva hakuweza kuizima. Alisema swichi ya spika inatunzwa wizarani.

Jina la nchi yetu siwezi kuliandika hapa. Sheria inasema anayelitaja lazima awe amesimama wima, nami hapa nilipo nimekalia gunia. Gunia la nini, si muhimu. Lililo muhimu ni kwamba mimi, Tausi, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni yenye nidhamu kali sana, sikuhusika na lolote kati ya haya nitakayoyasimulia. Nilikuwa likizo. Niliona tu.

*

Kwetu kuna desturi moja ambayo haijawahi kusajiliwa popote. Mtoto akikaribia kuanza shule hupelekwa kulala usiku mmoja kando ya chemchemi ya Kitiwani, huko juu ya mji. Asubuhi hunawa uso kwa maji yale, husimama mbele ya genge la mawe, na kulitajia jina lake kwa sauti. Genge likimwitikia, mtoto amejulikana. Anaweza kwenda shule hata kama bado anashika penseli kwa ngumi. Baba yangu aliitikiwa. Mama aliitikiwa. Mimi niliitikiwa mara mbili kwa sababu nilipiga kelele kupita kiasi, na bibi yangu akasema huyu atatusumbua.

Miaka sita iliyopita Wizara iliizungushia Kitiwani uzio wa waya, ikajenga nyumba ndogo nzuri ishirini, ikapaita Kambi Namba Nne na kuitengea Wageni wa Taifa. Wageni hao hawajaja bado. Lakini kila asubuhi mashuka yao hubadilishwa, kwani mgeni ambaye hajalala hastahili kulalia shuka lililochakaa.

Mdogo wangu Chiku ana miaka minne na nusu. Januari anaanza chekechea. Wiki ile ya tangazo alikuwa akizunguka nyumbani akivitajia vitu jina lake: kabati, mlango, ndoo ya maji. Vyote vilinyamaza.

"Mama, mbona ndoo haiitikii?"

"Ndoo haikujui, mwanangu."

"Nani ananijua?"

Mama ni muuguzi, ana jibu la kila swali, hata lile la watoto wanatoka wapi. Siku ile alinyanyua sufuria ambayo haikuwa na kitu ndani, akaenda kuiosha.

*

Baba ni fundi wa baiskeli. Hana woga wa kitu chochote chenye magurudumu, lakini karatasi humtetemesha. Hata hivyo Alhamisi alivaa shati la Idi, akanichukua mimi nimsomee, tukaenda kwa Afisa Kambi wa Wilaya.

Afisa huyo, Bwana Mkwizu, alikuwa mtu mnene mwenye kalamu nne kwenye mfuko wa shati, zote za rangi moja. Ukutani nyuma yake kulikuwa na nembo ya taifa: kobe aliyelala.

"Umekuja kuchagua kwa hiari?" aliuliza.

"Ndiyo, bosi," alisema Baba.

"Hongera. Umechagua Namba Mbili."

"Nilikuwa naomba Namba Nne, bosi. Tuna mtoto mdogo. Ni usiku mmoja tu."

"Namba Nne ni ya wageni."

"Wageni gani?"

"Hao hao."

"Wanakuja lini?"

Bwana Mkwizu alicheka kwa huruma, kama daktari wa meno. "Mzee wangu, wangekuwa wametuambia siku, tungekuwa tumejiandaa. Na tukishajiandaa, kuna raha gani ya kutembelewa? Sasa nikuelezee hizo nyingine. Namba Moja inaitwa Mandhari ya Jiji. Ipo kwenye kipilefti cha soko kuu, kwenye nyasi pale katikati."

"Magari yanazunguka pale, bosi."

"Ndiyo mandhari yenyewe. Namba Mbili, Maji Yajayo, ipo ndani ya korongo la mto mkavu. Tambarare safi kabisa."

"Desemba hii? Mvua zimeanza milimani."

"Maji hayajaomba kibali cha kupita. Namba Tatu ipo nyuma ya uwanja wa shabaha wa jeshi. Hiyo ni kwa wapenda sauti za asili."

Baba aliivua kofia, akaizungusha mikononi. Nilimwona anataka kusema kitu kuhusu Chiku, kuhusu ndoo na kabati. Badala yake akasema, "Asante, bosi," akapokea fomu. Kwenye mstari wa nne, mahali palipoandikwa Kitiwani, palikuwa pamekatwa kwa wino mara saba, kana kwamba mtu aliogopa pangefufuka.

Tulirudi nyumbani na fomu yetu.

*

Ijumaa asubuhi barua ilikutwa chini ya mlango wetu.

Haijulikani iliandikwa na nani. Nasema hivi kwa uzito. Ilikuwa na kumbukumbu namba WM/KMB/77/SIRI KIDOGO, na ilisema: "Mleta barua hii ni Mkaguzi Mkuu wa Kambi za Taifa. Apewe ushirikiano, gari na heshima. Neno lake litekelezwe papo hapo." Chini kulikuwa na sahihi iliyojikunja kama nyoka mwenye tumbo, na juu ya sahihi muhuri wa mviringo wa zambarau wenye kobe katikati. Kobe huyo alikuwa na miguu mitano. Bila shaka kisu kiliteleza. Namaanisha, kama kilitumika kisu. Nimesikia kwamba katika baadhi ya shule za bweni wapo wanafunzi waovu wanaochonga mihuri kwa viazi ili wajipe ruhusa za kwenda mjini, na kwamba dawa ya zambarau ya kupaka vidonda hutoa rangi ambayo hata serikali haiwezi kuitofautisha na yake. Nimesikia tu.

"Ni ya mtu mwingine hii," alisema Baba, akiishika kwa ncha za vidole. "Imepotea njia. Tuirudishe ofisini kabla hatujaulizwa."

Mama aliisoma mara mbili. Kisha akafungua mkoba wake wa kazini, akainua chupa ndogo kwenye mwanga.

"Dawa yangu imepungua nusu," alisema. "Tausi."

"Abee, mama."

"Toa mkono mfukoni unywe uji."

"Nasikia baridi, mama."

"Desemba."

"Ya ndani, mama. Ya mifupa."

Alinitazama kwa muda unaotosha kupima joto la mgonjwa. Halafu akamgeukia Baba. "Irudisheni basi hiyo barua. Twende wote, na hema tulibebe. Huwezi kujua."

*

Hapa niwaeleze jambo lililotokea kwa bahati, ambalo hata mwandishi wa barua, popote alipo, hakulipanga. Kwa maoni yangu yeye alikusudia Baba awe ndiye mkaguzi. Lakini Baba alikuwa amebeba hema begani, Mama vyombo, mimi godoro kwa mkono mmoja, wa kushoto. Mkono wangu wa kulia ulikuwa bado na baridi. Kwa hiyo bahasha yenye barua alipewa Chiku, ambaye hupenda kubeba vitu bapa.

Bwana Mkwizu aliichukua bahasha kutoka kwenye vidole vyake, akasoma hadi kwenye muhuri, akasimama wima. Niliona jasho likimtoka juu ya mdomo.

"Kobe mpya," alinong'ona. Akaangaza macho kama walikuwepo wengine waliomwona akishangaa. "Ndiyo, ndiyo. Niliarifiwa. Mguu wa tano ni wa maendeleo."

Kisha akasoma tena maneno ya kwanza. Mleta barua hii. Akamtazama Baba, ambaye hakuleta barua. Akamtazama Mama, ambaye hakuleta barua. Akainamisha macho taratibu mpaka yakamfikia aliyeileta, mwenye kandambili za bluu na kamasi kidogo.

Nchi nyingine wangecheka. Kwetu afisa akishaona muhuri haoni kitu kingine.

"Shikamoo," alisema Chiku, kwa kuwa ana adabu.

Ofisi nzima iliganda. Makarani wawili waliacha kuchapa. Je, Mkaguzi Mkuu anaweza kumwamkia Afisa wa Wilaya? Na afisa akiitikia marahaba, si atakuwa amejifanya mkubwa kuliko wizara? Bwana Mkwizu aliwaza, akainamisha kichwa hadi kalamu mbili zikamwanguka.

"Shikamoo, Mheshimiwa Mkaguzi," alisema.

Chiku alifurahi sana. Hajawahi kuamkiwa na mtu yeyote isipokuwa paka.

"Marahaba," alisema.

*

Tulipewa gari, dereva, na Bwana Mkwizu mwenyewe na daftari la kumbukumbu. Baba alikaa nyuma akiomba dua. Kila alipojaribu kusema, "Bosi, kuna makosa," Mama alimkanyaga mguu.

Kwenye kipilefti cha soko tulikuta familia thelathini hivi zikiwa zimepiga hema kwenye duara la nyasi, karibu sana na bustani ya maua iliyokufa. Malori yalizunguka yakiwapigia honi. Walikuwa wakitabasamu wote kwa mpangilio, maana kulikuwa na askari anayehesabu tabasamu.

"Mbona hawa watu wanalala barabarani?" aliuliza Chiku.

Bwana Mkwizu aliandika haraka: Mkaguzi ameuliza swali la kisera.

"Nataka kukojoa."

Walitafuta choo, hawakukiona. Bwana Mkwizu akaandika: Mkaguzi amebaini changamoto ya miundombinu. Mama akampeleka Chiku nyuma ya sanamu ya Waziri, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa na kivuli.

Aliporudi, Chiku alimkuta mtoto wa umri wake amekaa mbele ya hema akikohoa moshi wa magari. Walitazamana kama watoto wanavyotazamana, bila haraka.

"Waende nyumbani," alisema Chiku.

Neno lake litekelezwe papo hapo. Bwana Mkwizu alipuliza filimbi.

Mwanamume mmoja mwenye kanzu alitusogelea huku mashavu yake bado yamevutwa kwa tabasamu. "Samahani, Mheshimiwa," alimwambia Chiku. "Tunaruhusiwa kuacha kufurahi?"

"Ndiyo," alisema Chiku.

Mashavu ya familia zote thelathini yalishuka pamoja, kwa mkupuo mmoja. Lakini hawakwenda nyumbani. Walifunga hema zao, wakaweka magodoro vichwani, wakaanza kulifuata gari letu. Nilidhani wanataka kushukuru. Baadaye niligundua walitaka kuona kitakachotokea.

Korongoni mambo yalikuwa mafupi. Kulikuwa na kibao kilichosema USIOGOPE, na chini yake mchanga ulikuwa umeanza kulowa.

"Maji yakija?" aliuliza Chiku.

"Hayajapewa kibali, Mheshimiwa."

"Yanajua kusoma?"

Bwana Mkwizu alibaki na kalamu hewani. Kwa mara ya kwanza hakuandika kitu. Familia zote za korongoni zilipanda juu zenyewe bila kusubiri filimbi, na saa moja baadaye maji yakapita, mengi, mekundu, yamebeba kile kibao.

Namba Tatu Mkaguzi aliipita akiwa amelala mapajani kwa Mama. Ripoti inasema kambi hiyo ni tulivu kiasi cha kuwaletea wakaguzi usingizi. Mizinga ilikuwa ikilia.

*

Tulifika geti la Kitiwani mchana, na nyuma yetu mlima ulikuwa umejaa watu wenye magodoro.

Mlinzi wa geti alikuwa Afande Lipande, mzee mwembamba mwenye buti zilizong'arishwa mpaka zikachoka. Miaka sita amelinda kambi isiyo na mtu. Alikuwa na daftari kubwa la wageni, na katika kila ukurasa ameandika tarehe, na mbele ya tarehe: Hawajafika.

Alisoma barua kwa makini, mpaka mwisho. Ni mtumishi wa serikali wa kwanza na wa pekee katika habari hii yote aliyeisoma mpaka mwisho.

"Kobe huyu ana mguu wa ziada," alisema.

"Ni wa maendeleo," alisema Bwana Mkwizu.

"Mimi nimelelewa na nembo ya miguu minne." Akaikunja barua, akamrudishia Chiku kwa upole. "Samahani, Mheshimiwa Mkaguzi. Barua yangu mimi inasema geti hili nifungue kwa wageni tu. Haisemi wakaguzi."

Baba alishusha hema chini. Nilihisi mkono wangu ndani ya mfuko umeloa jasho. Kwa huruma tu. Nilimhurumia yule mwandishi asiyejulikana, ambaye ujanja wake wote ulikuwa umegonga ukuta wa mzee mmoja mwaminifu.

Chiku hakujua kwamba tumeshindwa. Yeye aliona mlango, na mlango Mama alimfundisha unavyofikiwa. Alisogea hadi kwenye waya, akagonga chuma kwa kandambili, akasema:

"Hodi."

"Karibu," alisema Afande Lipande.

Lilimtoka lenyewe. Aliuziba mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limeshapita.

"Hodi," alirudia Chiku, kwani inabidi iwe mara tatu. "Hodi."

Yule mzee aliitazama kufuli. Kisha akamtazama Bwana Mkwizu, ambaye alikuwa akitikisa kichwa kwa nguvu.

"Afande, usithubutu. Hawa ni wananchi!"

"Amepiga hodi nami nimesema karibu," alisema Afande Lipande. "Aliyekaribishwa ni mgeni. Hata kama ni mwananchi. Mama yangu amekufa, lakini siwezi kumtia aibu hiyo."

Akafungua daftari, akaandika tarehe, na mbele yake, kwa herufi kubwa alizokuwa amezitunza kwa miaka sita: WAMEFIKA.

Halafu akafungua geti. Pande zote mbili.

*

Sitaeleza sana siku zile mbili. Wazee walilala kwenye mashuka safi, wakasema yana harufu ya sabuni na upweke. Sisi wengine tulipiga hema kando ya chemchemi. Baba, ambaye wakati wote alikuwa akitarajia kukamatwa, alisahau kutarajia, akatengeneza baiskeli mbili za watu.

Asubuhi ya kwanza watoto walijipanga mbele ya genge. Walikuwa wa miaka sita yote, wengine tayari wapo darasa la nne na wanajua kugawanya, lakini walikuwa hawajawahi kuitikiwa. Walikuja mmoja mmoja na nyuso zimelowa. Genge halikuuliza umri wala fomu. Liliwarudishia majina yao.

Chiku aliogopa kidogo ilipofika zamu yake. Alimshika Mama sketi. Kisha akaiachia.

"Chiku!"

Chiku, lilisema genge.

Aligeuka kututazama, macho makubwa. "Linanijua," alisema.

Hapo ndipo mwandishi wa barua, kama angekuwepo, angepaswa kuondoka polepole na kutojulikana milele. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu tulipewa Waziri.

*

Mheshimiwa Daktari Daktari Mbonde alishuka na magari tisa na zulia lake mwenyewe. Alihutubia kwanza, akakasirika baadaye, maana ndio utaratibu.

"Nawapongeza kwa kupumzika," alisema. "Serikali ilikuwa na mpango huu tangu kabla haijaufikiria. Sasa. Nani amefungua geti?"

"Mimi, mheshimiwa," alisema Afande Lipande. "Lipande."

"Kwa amri ya nani?"

"Nilipigiwa hodi, mheshimiwa."

"Hodi si amri!"

"Ni kweli. Amri mtu huweza kuikataa."

Waziri alivimba. "Mpakieni!"

Askari wawili wakamshika. Yule mzee hakubishana. Aliomba tu dakika moja, akafungua funguo kiunoni, akaziweka mikononi mwa Chiku, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na cheo kikubwa zaidi pale.

"Babu anakwenda wapi?" aliuliza Chiku. Akawageukia askari. "Mwacheni."

Bwana Mkwizu alikuwa ameshachomoa kalamu aandike. Waziri akamnyang'anya.

"Nani amempa mtoto huyu cheo?" alinguruma. "Nani aliyeandika upuuzi huu? Asipopatikana, huyu mzee atafungwa kwa makosa yote mawili, la kufungua na la kuandika!"

Walikuwa wakimsukumia garini. Buti lake moja, lile lililong'arishwa mpaka likachoka, lilibaki kwenye vumbi.

Wasomaji wangu, nilikuwa nimejipangia mwisho mwingine kabisa wa hadithi hii. Katika mwisho huo mimi nasimama pembeni, namsikitikia mzee, na nalaani vikali wanafunzi wa bweni wasio na maadili. Ulikuwa mwisho mzuri. Ulikuwa na methali mbili.

Niliutoa mkono mfukoni. Ulikuwa wa zambarau hadi kwenye kifundo.

"Ni mimi!" nilisema. "Tausi!"

Nilipiga kelele kupita kiasi, kama kawaida yangu.

Tausi, lilisema genge. Tausi.

Hakuna aliyeweza kudai kwamba hakusikia.

*

Baba alikaa chini juu ya hema. Mama hakushangaa hata kidogo. Waziri alitabasamu, akamrudishia Bwana Mkwizu kalamu yake.

"Andika. Amekiri."

Bwana Mkwizu alikohoa. "Haiwezekani, mheshimiwa. Waraka wako wa Machi unasema kukiri kwa mdomo hakupokelewi. Lazima kuwe kwa maandishi, na muhuri."

"Piga muhuri basi!"

"Muhuri upo ofisini, mheshimiwa, na ofisi imefungwa. Tunapumzika. Kwa amri yako."

"Shikamoo, mheshimiwa," nilisema. "Mimi ninao."

Nilitoa nusu ya kiazi kwenye kopo la chakula, kimefungwa kwa kitambaa kibichi ili kisinyauke. Mambo haya hufundishwa bweni, ingawa si darasani. Niliandika nyuma ya Fomu ya Kuchagua kwa Hiari: Niliandika barua ile mimi peke yangu, na ningeandika tena. Nikapiga muhuri. Kobe akatoka vizuri, miguu yote mitano.

Waziri alinyoosha mkono achukue. Mama akamtangulia kwa swali.

"Samahani, mheshimiwa, mimi ni muuguzi tu. Muhuri huo ni halali?"

"Halali? Hiki ni kiazi, mama!"

"Basi mwanangu hajakiri."

Waziri aliutazama muhuri. "Haya, ni halali!"

"Basi na barua ilikuwa halali. Mtoto ni mkaguzi kweli, na amesema mzee aachwe."

Waziri alikichukua kiazi, akakigeuza juu chini. Alimwangalia Bwana Mkwizu, na Bwana Mkwizu akaangalia viatu vyake, maana alikuwa ameshafunga kambi mbili kwa muhuri uleule na kuweka sahihi. Watu mia tatu wenye magodoro walikuwa wakingoja jibu. Mtoto mmoja nyuma alianza kucheka, akazibwa mdomo, akaendelea kucheka ndani ya kiganja.

"Itaundwa Tume," alisema Waziri hatimaye.

Tume ya Kiazi inaendelea na kazi. Imekusanya mihuri yote ya Wizara ili ilinganishwe na kiazi changu, na bila muhuri hakuna barua inayoweza kuandikwa ya kufunga geti la Kitiwani. Afande Lipande aliachwa, kwa kuwa hata hati ya kumkamata ilikosa muhuri. Chiku alimrudishia funguo zote isipokuwa ya geti, ambayo ilitumbukia chemchemini. Taarifa rasmi inasema ilikuwa ajali. Mimi nilikuwa nimesimama pale, na nasema hivi kwa kuwa sasa nimeanza kuzoea kukiri: aliitupa kwa mikono miwili.

Mimi, kwa kuwa sheria imeshindwa kunishika, nimekabidhiwa kwa mkuu wa shule anishughulikie kimya kimya. Mkuu wa shule ni mwanamke mkali, lakini nadhani hakufikiri sana siku ile. Amenihukumu muhula mzima kwenye ghala la jiko, mlango umefungwa kwa nje, nimenye vyakula vya shule.

Wamenipa kisu. Wamenipa magunia kumi na manne ya viazi. Moja ndilo nimelikalia.

Nimeambiwa nisitoke humu mpaka viishe. Sina haraka. Kobe wa leo nimempa miguu sita, maana ana safari ndefu.